Kongamano la wakutubi sio posho tu jamani

Mhariri, naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mmoja aliyeandika eti semina na makongamano ya watumishi ni ulaji mtupu, watu wanaenda kula posho, kupiga picha na kurudi. Sikatai, ulaji upo na wote tunaujua. Ila mimi ni mkutubi, nakaa kaunta ya maktaba ya chuo kimoja huku Moshi mwaka wa kumi na kitu sasa, na nina langu la kusema.

Miaka michache nyuma kulikuwa na kongamano la wakutubi Nairobi. Nikaomba ruhusa ofisini nikaambiwa bajeti hamna, na hata ingekuwepo angeenda mkubwa. Basi nikachukua likizo yangu, nikachomoa hela ya kikoba, nikapanda basi la Namanga. Shemeji zangu walinicheka sana, yaani mtu unaenda Nairobi kwa hela yako kusikiliza habari za vitabu?

Na kiukweli siku ya kwanza nikaona kama shemeji wana pointi. Mgeni rasmi kachelewa, hotuba juu ya hotuba, halafu kuna jamaa kasimama anatusomea slaidi neno kwa neno kama vile hatujui kusoma, sisi wakutubi!

Faida niliipata siku ya pili kwenye chai ya saa nne. Nilikaa karibu na dada mmoja wa Kisumu tukaanza kulalamika kazi, kama kawaida ya watu wa kazi moja. Nikamwambia sisi tunatumia Koha (kwa wasioijua ni programu ya maktaba ya bure, ilianzia New Zealand 1999 kwa ajili ya maktaba za wilaya moja tu inaitwa Horowhenua, na jina lenyewe kwa Kimaori ni zawadi) ila inatutesa maana kila kitabu lazima nichape mwenyewe mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, namba ya Dewey (ile ya kupanga vitabu rafuni kwa mada), vichwa vya mada, vyote, kwa siku nikijitahidi vinatoka 12. Akaniangalia. "Mnajichapia zote? Aki pole."

Akatoa laptopu akaiweka magotini, chai yake ikapoa hapo hapo. Kumbe ndani ya Koha kuna njia inaitwa Z39.50, unaiunganisha na katalogi, yaani orodha ya vitabu, ya maktaba kubwa, unaingiza ISBN (ile namba ya utambulisho ya kitabu), rekodi nzima yenye taarifa zote hizo inashuka na namba yake ya Dewey mara nyingi imo. Kitabu cha zamani kisicho na ISBN unatafuta kwa jina. Nikamuuliza sawa, na vya Kiswahili je, nani kahangaika navyo huko? Ndo nikajua kwamba Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi hapo hapo Nairobi tangu 1966, kazi yake kununua machapisho ya ukanda huu, vya Kiswahili vikiwemo, na rekodi zake zinaingia kwenye katalogi yao. Kwa hiyo riwaya imechapwa Dar, imeshaandaliwa rekodi na mtu mwingine zamani, na mimi Moshi naichapa upya herufi kwa herufi tena kwa kukosea tahajia! Nilitamani kulia.

Watu wataniambia hayo si yameandikwa kwenye mwongozo, ungesoma. Yameandikwa ndiyo. Lakini fundi alikuja akatufungia mfumo akaondoka, na mimi sikuwa na swali, nilidhani ndivyo kazi ilivyo. Mtu ambaye hana swali atafungua ukurasa gani? Niliporudi nikaanza kutoa vitabu 40 mpaka 50 kwa siku umeme ukiwepo.

Wala haya mambo sio mageni kwetu. Ule mkutano wa vyama vya wakutubi wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, SCECSAL, ulianzia hapa hapa Dar 1974, na ule wa dunia wa IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya wakutubi na maktaba, ulishakuja Nairobi 1984. Wazee wetu walikuwa wanakutana kabla ya intaneti. Sisi tuna simu mkononi eti ndo tumeona mikutano haina maana.

Kinachoniuma ni nani anatumwa. Mkubwa ambaye hajashika kitabu kukitia namba tangu amalize chuo ndo anapewa masurufu, na yule wa kaunta, wa katalogi, anaambiwa abaki alinde maktaba. Wa kwetu alishaenda moja, akaturudishia begi la kongamano. Zuri tu, tunabebea magazeti. Mi ningeomba ofisi zibadilishe kidogo, kama nafasi ni moja apewe anayefanya kazi yenyewe, na akirudi awakalishe wenzake hata nusu siku awaonyeshe kwenye kompyuta, sio ripoti ya kurasa tatu ya kwenda kufungiwa kwenye faili.

Yule dada wa Kisumu aliniingiza kwenye grupu la WhatsApp. Mwezi uliopita umeme ulikatika ghafla, uliporudi Koha ikagoma kabisa kuwaka na wanafunzi wamejaa mlangoni na mitihani ni wiki hiyo. Nikaandika kwenye grupu saa mbili asubuhi. Saa tatu kasoro jamaa wa Lilongwe kanitumia mistari minne ya kuandika kwenye sava, nikaiandika huku mkono unatetemeka, ikawaka. Sijawahi kumwona uso wake.

Mkutubi wa kaunta, Moshi