"Mazao yao yalibaki na nani?"

Ndugu Mhariri,

Hongereni kwa ile makala ya wiki iliyopita kuhusu familia ya Kijapani iliyohamishwa kwa nguvu kule Marekani wakati wa vita, niliisoma stendi ya Newala nikisubiri gari, nyumbani nikamsomea tena bibi maana macho yake siku hizi hayaoni herufi.

Kwakweli mi nilikuwa sijui. Yaani Japani imepiga Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani, Desemba 1941, Februari 1942 rais wao Roosevelt anasaini amri namba 9066, na watu wa asili ya Kijapani kama 120,000 wanaambiwa wafunge mizigo, kila mtu na anachoweza kubeba, na theluthi mbili ni raia waliozaliwa hapo hapo! Wazazi ndo sheria ilikuwa imewanyima uraia, California hata ardhi walikatazwa kumiliki, wengine waliandikisha shamba kwa jina la mtoto. Alafu kila familia inapewa namba, kikaratasi kinaning'inizwa kwenye koti kama gunia la korosho linalosubiri mnada. Wengine walilazwa kwenye mabanda ya farasi wa mashindano pale Santa Anita kabla ya kupelekwa kambini, Manzanar na kwingineko.

Hapo kwenye farasi bibi akanikatisha. "Mazao yao yalibaki na nani?" Vita hakuuliza, Roosevelt ni nani hakuuliza.

Sasa jamani msinielewe vibaya, sisemi Operesheni Vijiji, ile ya kutuhamishia vijiji vya ujamaa, ilikuwa sawa na zile kambi, huku hakukuwa na seng'enge wala mnara wa askari, na tuliahidiwa shule, maji na zahanati. Ila bibi mwaka 1974 alihamishwa na wanawe watatu, mikorosho akaiacha mbali, ukitoka alfajiri unafika jua la utosi, korosho zikadondoka mpaka pori likazifunika. Mpaka leo anaitaja mmoja mmoja, ule wa kwenye kichuguu, ule uliopigwa radi.

Marekani walikuja kuomba radhi 1988, dola 20,000 kwa kila aliyekuwa bado hai. Miaka 46 baadae! Waliotangulia hawakupata hata senti ya hizo dola wala hawakuisikia hiyo samahani, hapo ndo paliponichoma.

Mi siombi hela ya mtu. Naomba mumtume mwandishi na rekoda yake, wazee wa rika la bibi hapa kijijini hawazidi vidole vya mkono mmoja. Aje asubuhi tu, mchana huwa analala.

Msomaji wenu,
Newala, Mtwara