Barua ya malalamiko: mgonjwa kungojeshwa uwanja wa ndege na kushushwa Mwembe Tayari badala ya Ngomeni

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Mombasa.

Bwana/Bibi,

KUH: SAFARI YA UWANJA WA NDEGE WA MOI HADI NGOMENI, ALHAMISI ILIYOPITA

Mimi ni mkaazi wa Kibokoni, Mji wa Kale. Alhamisi iliyopita nilimrudisha mamangu kutoka Nairobi, alikopasuliwa goti. Ana umri wa miaka 71 na kwa sasa anatembea kwa magongo. Siku tatu kabla ya safari niliwalipa shilingi 1,400 kwa M-Pesa, nauli ya watu wawili, mtutoe uwanja wa ndege hadi Ngomeni, penye ngome ya Fort Jesus, kwa gari lenu la pamoja. Nawaandikia kwa kuwa nimepiga simu mara nne, nikaletewa ujumbe mmoja tu, na ujumbe wenyewe haukugusa hata jambo moja nililouliza.

Kabla sijalipa niliyasoma maelezo yenu mara mbili, maana nilikuwa nasafiri na mgonjwa. Mmeandika kwamba gari huondoka ndani ya dakika 30 baada ya ndege kutua, liwe limejaa au halijajaa. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonitoa pesa mfukoni. Mmeandika pia kwamba kila abiria ana begi moja kubwa na moja la mkononi bila malipo. Kwenye nafasi ya maombi ya abiria nikaeleza kuwa mama hawezi kukunja mguu, nikaomba awekewe kiti cha karibu na mlango. Mkanijibu: "Sawa, tumeweka." Jibu hilo ninalo, na nakala yake nimeiambatisha.

Ngomeni nako nilikuchagua kwa makusudi. Najua gari la viti 14 haliwezi kuingia kwenye vichochoro vyetu, na sikuwataka mwingie. Nilichotaka ni tufikishwe pale mbele ya ngome, ambapo kakangu alikuwa ametangulia na kiti cha magurudumu alichoazima kwa jirani. Mpango wote wa siku ile, tangu saa ya ndege hadi nani atamshika mama mkono ngazini, niliupanga kwa kufuata maneno yenu.

Ndege ilitua saa kumi na dakika kumi alasiri. Saa kumi na nusu tulikuwa nje, mabegi yetu mawili mkononi, tumesimama mbele ya kijana wenu mwenye kibao. Alitafuta jina, akalipata, akatuonyesha benchi. "Dakika kumi tu, mathe." Mama hakusema kitu. Nami niseme hapa kwa niaba yake: mama wa miaka 71 haitwi mathe na mfanyakazi aliye kazini. Ni mama, au bibi, na mji huu hauna upungufu wa maneno ya heshima.

Hizo dakika kumi zilizaa nyingine kumi, kisha nyingine. Kila nilipokwenda kuuliza nilipigwa danadana: dereva anaweka mafuta, dereva yuko langoni, dereva anakuja. Saa kumi na moja na nusu nikaliona gari lenu kwa macho yangu, limeegeshwa upande wa pili, dereva amelala kiti cha mbele. Nilipomwendea akaniambia ukweli ambao kijana wa kibao hakutaka kuusema: tulikuwa abiria sita, na ofisi ilikuwa imemwambia asiondoke mpaka ndege nyingine kutoka Nairobi itue, gari lijae. Akaniambia pia kwamba yeye hulipwa kwa safari iliyojaa. Simlaumu dereva huyo, na naomba asije akaadhibiwa kwa sababu ya barua hii. Ndiye mtu pekee wa kampuni yenu aliyesema nami kama mtu mzima.

Tuliondoka saa kumi na mbili na robo. Kwa muda wa saa moja na dakika 45 mama alikuwa amekaa kwenye benchi la chuma, katika joto hili la kaskazi, mguu ameunyoosha juu ya begi langu, na kila apitaye na kigari cha mizigo inabidi nisimame niukinge usigongwe. Daktari alikuwa ametuonya asikae muda mrefu bila kuinua mguu. Kufikia saa kumi na mbili goti lilikuwa limevimba hata bandeji ikaanza kumbana.

Ndipo ikaja habari ya mabegi. Abiria wa ndege ya pili walipofika, kijana wenu akatangaza kwamba kila begi kubwa ni shilingi 200. Nikamwonyesha maelezo yenu kwenye simu. Akasema hayo ni ya zamani. Nikamuuliza mapya yako wapi, akasema nilipe au nishushe mizigo. Nililipa 400 taslimu, na risiti sikupewa. Sikulipa kwa kukubali. Jua lilikuwa linatua, mama anatweta kwa maumivu, na nguvu za kugombana nilizihitaji kwa mambo mengine.

Jambo la kiti ndilo linaloniuma zaidi, kwa hivyo naomba mlisome polepole. Kiti cha mlangoni tulipewa, hilo ni kweli. Lakini mizigo ya watu wa ndege mbili haikutosha nyuma, ikarundikwa pale pale mlangoni, mbele ya kiti hicho. Nafasi ambayo mama alikuwa anyooshe mguu ikajaa masanduku hadi usawa wa paja lake. Nikasema haiwezekani. Kijana wa kibao akajibu, "Ni mwendo mfupi, atavumilia." Aliyetuokoa ni abiria mwenzetu, kijana wa ndege ya pili ambaye hatukuwa tunamjua. Alichukua sanduku moja akalipakata, la pili akalisimamisha katikati ya miguu yake, akasafiri hivyo njia nzima. Hata hivyo mguu wa mama haukunyooka sawasawa. Kisha mkaongeza mtu wa 15 juu ya kiti cha kukunjwa, hana mkanda. Kenya hii tumekuwa na kanuni za mikanda na idadi ya abiria zikisimamiwa tangu Februari 2004, enzi za waziri John Michuki, na hakuna mwenye gari la abiria asiyezijua.

Sina neno kuhusu barabara. Maghribi ilitukuta Changamwe nyuma ya lori la kontena, na mwenye kuishi Mombasa hashangazwi na lori la kontena Changamwe. Bandari ni yetu na malori yake ni yetu. Tulitambaa hadi Kibarani, tukavuka Makupa, tukaingia Barabara ya Jomo Kenyatta, na mimi nikampigia kakangu kumwambia ajiandae, tumekaribia.

Mwembe Tayari gari likasimama. "Wa mjini wote, mwisho hapa." Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamwambia dereva sisi ni wa Ngomeni, tumelipia Ngomeni. Akapiga simu ofisini mbele yangu, akaweka sauti ya nje, nami nikasikia kwa masikio yangu: gari limechelewa, waliobaki ni wa Nyali, wa mjini washuke hapo hapo ili likate moja kwa moja kuelekea darajani. Yaani uchelewaji mlioutengeneza wenyewe pale uwanjani mkaja kuulipa kwa miguu ya abiria wenu, na mkaanza na ya mgonjwa.

Mwembe Tayari saa moja na dakika 20 usiku mnaijua. Mabasi ya safari za mbali yanapakia, mikokoteni inapita, wachuuzi wamejaa ukingoni, bodaboda zinatokea kila upande. Nilimshusha mama katikati ya hayo, gongo moja mkononi mwake na moja kwapani mwangu, mabegi mawili chini. Mwanamke mmoja muuza mahamri alimletea kigoda chake akae. Nikatafuta tuktuk, nikalipa shilingi 250. Kakangu alikuwa bado amesimama Ngomeni na kiti cha magurudumu, na tulipofika nyumbani Isha ilikuwa imekwisha kuadhiniwa. Mama alisema neno moja tu njiani: "Mwanangu, tungalipanda matatu." Hana kawaida ya kulalamika. Swala ya Maghribi kumpita ndiko kulikomliza, si goti.

Nimelifikiria sana neno lake hilo. Mtu akipanda matatu Magongo anajua kwamba itajaa ndipo iondoke. Anaviona viti vitupu, anahesabu watu, na akichoka anashuka akapande nyingine kabla hajatoa senti. Nauli hutolewa gari likiwa njiani. Kwenu nililipa siku tatu mbele, na mlichoniuzia ni kutongojeshwa. Kisha mkanitia katika kungoja kule kule kwa matatu, ila mimi nisione viti, nisijue sababu, na nisiweze kuondoka kwa kuwa pesa yangu mnayo. Kama kawaida yenu ni kusubiri ndege ya pili, iandikeni. Wako watakaokubali, hasa kijana asiye na haraka anayetaka nauli nafuu kuliko teksi. Mimi ningalijua hayo ningalikodi teksi siku ile, na ungekuwa uamuzi wangu. Mlininyima kuamua.

Ujumbe mlionitumia Jumamosi unasema mnasikitika kwa usumbufu, na kwamba "msongamano wa barabara hauko ndani ya uwezo wetu." Naomba aliyeuandika aipige hesabu upya. Msongamano ulituchukua saa moja na dakika chache. Kabla ya hapo, kwa saa moja na dakika 45, gari halikuwa barabarani. Lilikuwa limezimwa, mita chache kutoka tulipoketi, kwa amri ya ofisi yenu. Hakuna lori la Changamwe lililowazuia. Na hakuna msongamano unaomfanya mtu atoze begi shilingi 200, wala unaoihamisha Ngomeni ikawa Mwembe Tayari.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili anufaike na huduma hiyo, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia anapopata hasara kwa kasoro ya huduma. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inakataza kumvutia mteja kwa maelezo ya uongo. Mimi si wakili. Nimezisoma kwa kuwa nilitaka kujua kama nadai kisicho changu, nikaona nadai changu.

Ninachodai ni hiki. Nirudishieni shilingi 400 za mabegi na 250 za tuktuk, kwa namba ile ile niliyolipia. Nauli ya 1,400 sidai yote, maana mlitutoa uwanjani na kutuvusha Makupa. Nirudishieni nusu yake, kwa safari iliyoishia njiani. Jumla ni shilingi 1,350. Maneno ya "liwe limejaa au halijajaa" yaondoeni kwenye matangazo yenu leo hii, au yafanyeni yawe kweli. Bei ya mabegi, kama ipo, ikae mahali abiria anapoiona kabla ya kulipa, si uwanjani jua likitua. Na abiria anayesema mapema kwamba ni mgonjwa, awekwe kwenye karatasi ya dereva, si kwenye ujumbe wa simu usiofika popote. Dereva wenu aliniambia hakuwa amearifiwa lolote kuhusu mama.

Zaidi ya hizo pesa, nataka mtu mwenye cheo ampigie mama simu amuombe radhi. Yeye mwenyewe, si mimi. Mimi nilikuwa na hasira na hasira zitapoa. Yeye alikaa kimya saa tatu nzima akiona haya kuwa mzigo kwa watu, na nikimwambia hakuwa mzigo, kwamba alikuwa abiria aliyelipa, haniamini. Huenda akawaamini ninyi.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, nitayapeleka malalamiko haya kwa Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA) kuhusu abiria wa 15, na kwa Mamlaka ya Ushindani kuhusu matangazo na malipo ya mabegi. Nimeambatisha nakala ya maelezo yenu kama yalivyokuwa siku niliyolipa, jibu la "tumeweka," ujumbe wa M-Pesa, picha ya masanduku mlangoni, na picha ya gari lililoegeshwa yenye saa yake.

Namba ya mama nimeiandika nyuma ya nakala ya mwisho. Asubuhi huwa na mtu wa mazoezi ya mguu, na adhuhuri hulala kwa sababu ya dawa. Mpigieni baada ya swala ya Alasiri. Simu iache iite, maana inamchukua muda kuifikia.

Mimi mteja wenu,
Mkaazi wa Kibokoni, Mombasa