Barua ya wazi kwa mdogo wangu uliyeko Rajkot: nenda Somnath

Mdogo wangu,

Nyumbani wote wazima. Kwenye kundi la familia uliuliza utaona nini Somnath, mji wa pwani ya Gujarat, India, zaidi ya "lile hekalu alilovunja Mahmud". Nakujibu hadharani, maana swali hilo si lako peke yako.

Tumalizane kwanza na Mahmud, kwa sababu ndiye utakayesimuliwa mpaka masikio yachoke. Ni kweli, Sultani Mahmud wa Ghazni, Afghanistan ya leo, alilivamia mwaka 1026, akavunja jiwe la Shiva, mungu wa Wahindu, lililokuwa likiabudiwa humo, na kuzoa mali. Mfalme Kumarapala wa Gujarat akalijenga upya karne iliyofuata, na mwaka 1299 jeshi la Sultani wa Delhi likalivunja tena. Hilo lililosimama leo ni la juzi tu: Sardar Patel, naibu waziri mkuu wa India, alitangaza ujenzi mwaka 1947, na Rais Rajendra Prasad akaongoza sherehe ya kusimika jiwe la Shiva tarehe 11 Mei 1951, Waziri Mkuu Nehru akiwa hapendi. Mafundi wa Sompura, ukoo wa wajenzi wa mahekalu, walichonga kwa mtindo wa kale, kwa hiyo usidanganyike ukadhani unagusa mawe ya miaka elfu. Cha kale pale ni ibada, na bahari.

Wahindu husimulia kwamba Mwezi alioa mabinti 27 wa Daksha, lakini akampenda Rohini peke yake. Wenzake wakashtaki kwa baba yao, naye akamlaani mkwewe anyauke. (Zamu zisipogawanywa sawa, hata mbinguni kesi hufika kwa wazee.) Mwezi akaja kwenye pwani ya Somnath kumwomba Shiva, laana ikapunguzwa: siku kadhaa anakonda, siku kadhaa ananenepa.

Wewe umekulia Tanga, unajua bamvua ni nini. Al-Biruni, msomi aliyeishi chini ya himaya ya Mahmud huyohuyo, aliandika yapata mwaka 1030 kwamba Mwezi ukichomoza na ukitua, maji hujaa hadi kufunika mahali pa jiwe; ukifika utosini, hupwa na kupaacha wazi. Wenyeji walisema ni Mwezi unamwogesha bwana wake. Mtu aliyebuni imani hiyo alikuwa mtu wa pwani, hilo halina ubishi.

Al-Biruni akaeleza pia kwa nini Somnath ilivuma: ilikuwa bandari, kituo cha waliosafiri kati ya Sofala iliyo nchi ya Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki, na China. Sofala ni huku kwetu, Msumbiji ya leo. Kwa hiyo kabla hata ya Mahmud kufika, safari za kuja pwani hii huenda zilikuwa zinapita pale.

Lakini ninachotaka ukijue zaidi ni cha mwaka 1264. Nuruddin Firuz, nahodha Mwislamu wa Hormuz, bandari ya Ghuba ya Uajemi, alinunua kiwanja mjini humohumo Somnath akajenga msikiti. Wakubwa wa mji, akiwemo kuhani mkuu wa Shiva, waliridhia. Hati ya wakfu ikachongwa kwenye jiwe kwa Kisanskriti, na nyingine kwa Kiarabu. Ya Kisanskriti ina tarehe za kalenda nne, Hijria ikiwemo, na inataja mali za kuendesha msikiti: kinu cha mafuta na maduka mawili miongoni mwake. Kitakachobaki kipelekwe Makka na Madina. Huo ni mji uleule wa Mahmud, na wanaopenda kumtaja Mahmud, Wahindu na Waislamu, hiki hawakitaji.

Sasa ya safari. Panda treni hadi Veraval, mji wenye mashua za wavuvi. Hekalu liko kilomita chache tu mbele. Simu huingii nayo. Kwa asiye Mhindu, uongozi uliagiza mwaka 2015 aombe ruhusa ofisini kwanza, basi uliza kwa adabu. Arati, ibada ya kuzungusha taa mbele ya mungu, ni saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa moja jioni. Chagua ya jioni: ngoma na kengele zinapigwa pamoja hadi kifua kinatetemeka, na ukitoka nje unakutana na mawimbi ukutani.

Ukirudi, pitia Jambur, kijiji cha Wasidi ambao mababu zao walitoka Afrika. Wanazungumza Kigujarati, na ngoma yao wanaiita dhamal. Wakikuuliza kwenu ni wapi, usijibu Rajkot. Sema Tanga, halafu nyamaza uwasikilize wao.

Kaka yako