Hoja za uteuzi wa kikosi

Ndugu wanakikundi,

Nimesoma kwa makini mjadala wenu wa jana kuhusu kikosi cha taifa cha kriketi, nami naomba, kabla hatujamlaumu mteuzi yeyote, tukumbuke yaliyotokea mwaka 2001, Australia ilipozuru India kwa mechi tatu za Testi, yaani mechi za siku tano. Anil Kumble, mrushaji wa spini (mpira unaozungushwa ili ubadili mwelekeo) wa India, alikuwa majeruhi, nafasi ikamwangukia Harbhajan Singh, kijana wa miaka 20, ambaye alimaliza mfululizo ule akiwa na wiketi 32, yaani aliwatoa wapigaji mara 32, zikiwamo tatu za mipira mitatu mfululizo pale Kolkata, na India ikashinda kwa mechi 2 dhidi ya 1.

Kwa hiyo, anayempendekeza mchezaji aeleze pia nani atampisha, kwa kuwa wanaoingia uwanjani ni 11 tu, na autazame uwanja wenyewe: nyasi mbichi humsaidia mrushaji wa kasi, ilhali udongo mkavu unaoanza kupasuka siku ya nne humfaa mrushaji wa spini. Takwimu za mechi fupi za ova 20 (ova moja ni mipira sita) zisitumike kuhukumu mchezo wa siku tano. Kufanya hivyo hunisikitisha sana, maana subira ya mpigaji haionekani humo.

Ujumbe wenye matusi dhidi ya mchezaji nitauondoa. Vikosi vyenu vya wachezaji 11 vitumwe kabla ya sarafu kurushwa kuamua timu itakayoanza kupiga.