YAH: Malalamiko kuhusu brashi ya choo isiyokauka na maelekezo ya hatari kwenye boksi lake

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kuhusu brashi yenu ya choo yenye mpini wa chuma, ile inayouzwa pamoja na kopo lake, ambayo boksi linaisifu kuwa ni ya kudumu maisha na haihitaji kubadilishwa. Nilishapiga simu. Mhudumu wenu alinijibu kwa upole kwamba kifaa cha choo kuchafuka ni jambo la kawaida. Hilo nalijua, na si hilo ninalolalamikia. Malalamiko yangu ni kwamba mmetengeneza brashi isiyosafishika, kisha mkamwelekeza mnunuzi kuitunza kwa namna inayoiharibu brashi yenyewe na inayoweza kumdhuru yeye. Safari hii naandika ili jibu nalo lije kwa maandishi.

Nianze na kopo. Ni refu na jembamba, mfuniko wake umeshikamana na mpini, na halina tundu hata moja la kupitisha hewa. Brashi ikiingia humo imelowa, inabaki imelowa. Maji yanachuruzika hadi chini, na nyuzi za nchani zinakaa ndani ya maji hayo usiku na mchana. Bakteria hawadai makubwa: unyevu, uchafu kidogo wa kula, na mahali pasipopita hewa. Vyote hivyo mmewaandalia. Humo brashi haihifadhiwi, inavundikwa. Utelezi wa kijivu ulipoanza kutanda nilitaka kulisugua kopo, nikakuta ndani yake kuna kikombe cha pili kilichogundishwa. Maji hupenya katikati ya kuta hizo mbili na hakuna njia ya kuyatoa, labda ulivunje.

Mpini nao una uwazi ndani. Pale kichwa kinapokutana na mpini maji huingia, na ukiiinua brashi baadaye yanatiririka sakafuni, yamekwisha kubadilika rangi. Sijui ni nani aliyeijaribu brashi hii kabla haijapelekwa madukani.

Sasa maelekezo. Boksi linamtaka mtu amimine blichi ndani ya kopo na aiache brashi isimame humo wakati wote. Hapa ndipo paliponikera kuliko kwingine kote, na naomba wataalamu wenu wapasome taratibu.

Blichi haifui dafu mbele ya uchafu mwingi. Klorini yake huishia kwenye mabaki ya kinyesi na karatasi kabla haijawafikia vijidudu, ndiyo maana kitu husuuzwa kwanza, kisha ndipo kikalowekwa. Tena blichi iliyochanganywa na maji hupungua nguvu kadiri inavyokaa. Ikizeeka koponi, kinachobaki ni maji machafu yenye harufu ya usafi, na mwenye nyumba anadhani amelindwa.

Isitoshe, blichi hula chuma. Hata chuma kinachosifiwa kwamba hakishiki kutu huanza kutoboka kikilazwa humo muda mrefu. Waya uliosokotwa ambao ndio unaoshika nyuzi ulikuwa wa kwanza kusalimu amri: ukashika kutu, ukaacha madoa ya kahawia kwenye sinki la choo, nyuzi zikaanza kupukutika kwa mafungu, na mwisho ncha ya waya ikachomoza na kuchora mistari myeusi ambayo haitoki kwa sabuni. Mhudumu aliniuliza iwapo nilitumia kemikali kali. Nilitumia ile mliyoniagiza.

La tatu si la usumbufu tena, ni la afya. Dawa nyingi za kuondoa chokaa na madoa ya njano chooni zina asidi. Mtu anamimina dawa hiyo kwenye sinki, halafu anachomoa brashi inayochuruzika blichi na kuanza kusugua. Blichi ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo huwasha macho, huunguza koo na kubana kifua, na mwenye pumu huumia zaidi, hasa kwa kuwa choo kwa kawaida ni chumba kidogo chenye dirisha dogo. Blichi ikikutana na dawa yenye amonia hutoa gesi nyingine ambayo nayo ni sumu. Chupa za blichi zenyewe huonya kwamba isichanganywe na dawa nyingine. Boksi lenu linasema brashi hii yafaa kwa dawa zote za choo. Onyo? Halimo, hata kwa maandishi yale madogo ya chini.

Maelekezo ya kweli yangetosha mistari michache. Ukimaliza kusugua, vuta maji na uisuuze brashi katika maji hayo safi yanayoshuka. Ubane mpini kati ya kiti na sinki, kichwa kikielekea ndani, uiache mpaka iache kuchuruzika, ndipo uirudishe mahali pake. Mara moja kwa wiki hivi, ikiwa imeshasuuzwa vizuri, iloweke kwa muda mfupi katika maji ya baridi yenye blichi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa; maji ya moto huiharibu blichi na kuzidisha mvuke wake. Kisha isuuze tena na uiache ikauke kabisa. Kopo lioshwe siku hiyo hiyo kwa sabuni na lipanguswe. Kazi hiyo ifanywe kwa glavu, dirisha likiwa wazi, na ndoo yake isiwe ya kufulia wala ya vyombo. Haya si siri ya kiwanda. Kila anayefanya usafi kwa ujira anayajua. Lakini yanataka kopo linaloweza kuoshwa, na ninyi hamkulitengeneza.

Nije kwenye hilo dai la kudumu maisha. Hakuna brashi ya choo ya namna hiyo. Ushauri unaotolewa na wengi ni kuibadilisha baada ya miezi 6 hivi, ingawa mimi naona macho na pua vinatoa jibu la haki kuliko kalenda. Nyuzi zikilala na kutawanyika pembeni, hazifiki tena chini ya ukingo wa sinki, kwa hiyo unachokifanya ni kupapasa. Zikibadilika rangi na zisirudi hata baada ya kulowekwa, zikitoa harufu wakati zimekauka, zikianza kubaki kwenye maji, kutu ikionekana au mpini ukipata ufa, muda wake umekwisha. Kumwambia mteja asiibadilishe ni kumwambia aendelee kuusambaza uchafu anaodhani anauondoa.

Na ajabu ni kwamba suluhisho mlikuwa nalo. Boksi lina picha ya kichwa kikifunguliwa kutoka kwenye mpini, nami nilinunua kwa sababu ya picha hiyo. Kichwa kweli hufunguka. Ila vichwa vya kubadilisha hamuuzi, na nilipouliza nilishauriwa ninunue brashi nzima, kopo na yote. Basi mpini mzima utupwe, plastiki yote itupwe, kwa ajili ya nyuzi zinazoenea kwenye kiganja!

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie fedha zangu kamili; sihitaji brashi nyingine ya aina hii. Maelekezo ya kuacha blichi koponi yaondolewe kwenye maboksi mara moja, na waliokwisha kununua waonywe kwa njia ile ile mnayoitumia kuwatangazia bidhaa mpya. Dai la kudumu maisha lifutwe. Na kuhusu vichwa, ama muanze kuviuza, ama muitoe ile picha. Kopo lenyewe nawaachia wabunifu wenu, nikiwaomba tu watoboe matundu na waache kugundisha kikombe ndani.

Nategemea jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka pamoja na viambatisho vyake kwa mamlaka inayoshughulikia haki za walaji, na nitaanza na suala la gesi.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za kutu na mikwaruzo kwenye sinki, na picha ya upande wa boksi wenye maelekezo. Brashi yenyewe bado ninayo, imefungwa kwenye mfuko. Mkiihitaji kwa uchunguzi nitawatumia, gharama za usafirishaji zikiwa juu yenu.

Wako,
Mteja wenu