Barua ya Wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Tuambieni Ni Gereji Gani Inakagua Kweli

Mheshimiwa Waziri,

YAH: UKAGUZI WA MAGARI WA KILA MWAKA NA GEREJI ZENYE KIBALI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwenye gari moja dogo, umri wake miaka 14. Kila mwaka sheria inanitaka nilipeleke likakaguliwe kwenye gereji yenye kibali cha serikali kabla cheti hakijaisha. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Siombi ifutwe, wala siombi muda wa cheti urefushwe. Shida yangu ni moja: kila inapofika zamu ya ukaguzi, sijui gari nilipeleke gereji gani.

Nikiuliza majirani na wenzangu kazini, majibu huwa mawili. "Nenda pale, hawasumbui." Au, "Pale usiende, wanabana." Katika miaka yote ya kumiliki gari, hajatokea hata mtu mmoja wa kuniambia, "Nenda pale, wanakagua vizuri." Tumefika mahali ambapo wananchi tunazipima gereji za ukaguzi kwa wepesi wa kupata muhuri, kwa sababu hatuna kipimo kingine mkononi. Nimejaribu njia zote mbili, na naomba nikueleze yaliyonikuta.

Mwaka juzi nilifuata ushauri wa kwanza. Kijana aliyenipokea alilizunguka gari mara moja akiwa na karatasi. Akaniambia niwashe taa, nipige honi, nikanyage breki. Akaandika, akagonga muhuri. Gari halikunyanyuliwa na wala hakuna aliyeinama kutazama chini yake. Dakika 10 hazikufika, nami nikaondoka nimefurahi, nakiri hilo.

Wiki tatu baadaye nilipata pancha. Fundi wa pancha alilivua tairi la mbele kushoto, akalilaza chini, akaniita. "Njoo uone hapa." Upande wa nje, ule unaouona ukisimama kando ya gari, mifereji ya tairi ilikuwa bado mizuri. Upande wa ndani ulikuwa kipara kitupu. Kwa urefu wa kiganja nyaya zilikuwa zimetokeza nje, nyembamba kama nywele, na zimeshika kutu. Fundi alipitisha kidole juu yake polepole asije akachomwa. Akanieleza kwamba alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, imeharibika siku nyingi na tairi limekuwa likilika kwa ndani. Kutu ile ndiyo iliyoniuma. Waya hautokezi na kushika kutu kwa siku moja. Siku ya ukaguzi hali ile ilikuwapo, au ilikuwa imekaribia sana, na angelikunja usukani hadi mwisho tu, akachungulia, angeiona. Wiki hizo tatu watoto wangu walikaa kiti cha nyuma, asubuhi na jioni, na kioo cha mbele kina stika inayosema gari hili ni salama.

Mwaka uliofuata nikasema basi, nakwenda kwa wale wanaobana. Gereji kubwa, safi, ina lifti na mashine ya kupimia breki. Gari likafelishwa. Karatasi iliandikwa hivi: "Breki za mbele hafifu. Boljointi zimelegea." Basi. Hafifu kiasi gani? Boljointi, yaani kile kiungo kinachoshika gurudumu la mbele na kuliruhusu likunje, ni ya upande upi? Hapakuwa na tarakimu hata moja. Mtu wa mapokezi akaniambia nisiwe na wasiwasi, niwaachie gari, jioni litakuwa limetengenezwa na cheti kitatoka hapo hapo. Nikaomba karatasi yangu nikaenda kwa fundi mwingine. Alivua tairi, akaweka rula kwenye pedi za breki: milimita 7, pedi za kutembelea miezi kadhaa. Akapiga jeki, akalishika tairi juu na chini, akalitikisa kwa nguvu huku mwenzake ameshika tochi kwenye boljointi. Hakuna kilichocheza. Akafanya hivyo hivyo upande wa pili. Akaniambia yeye haoni cha kubadilisha.

Lakini cheti kilikuwa kinaisha baada ya siku mbili, na bila gari siwezi kufika kazini. Nikarudi kule kule, nikalipa, pedi na boljointi zikabadilishwa. Sisemi mkaguzi yule alidanganya. Pengine mashine ilimwonyesha kitu ambacho rula ya fundi wangu haikukiona. Ninachosema ni kwamba karatasi ile haikunipa njia ya kujua, na mpaka leo sijui.

Mheshimiwa, gereji zote mbili zina kibali kile kile. Kibao cha ukutani ni kile kile, na muhuri una nguvu ile ile barabarani. Moja inapata riziki kwa kupitisha haraka ili wateja wawe wengi, nyingine inapata riziki kwa kutengeneza inachokikuta. Mimi nimesimama katikati, naambiwa nichague.

Tatizo hili si letu peke yetu, na nchi zilizotangulia zimelikabili kwa namna tofauti. Uingereza ilianza ukaguzi wa lazima mwaka 1960, kwa magari yenye miaka 10 na kuendelea: breki, taa na usukani. Mengi mno yalifeli, hata mwaka uliofuata umri ukashushwa hadi miaka 7, na mwaka 1967 ukawa miaka 3. Kule, kama kwetu, ukaguzi unafanywa na gereji za watu binafsi ambazo zinaruhusiwa pia kutengeneza. Sweden ilichukua njia nyingine. Mwaka 1963 iliunda kampuni moja ya kukagua magari ya nchi nzima, isiyofanya matengenezo, na hata ilipofungua soko kwa kampuni nyingine mwaka 2010, kazi ya kukagua ilibaki mbali na kazi ya kutengeneza. Ireland nayo, tangu mwaka 2000, ina vituo ambavyo kazi yake ni kukagua tu.

Kwa mtu aliyepatwa na yaliyonipata, njia ya Sweden inavutia sana. Nimeifikiria kwa muda mrefu, na siiombi. Vituo vya kukagua tu huwa vichache, na vikiwa vichache vinakuwa mbali. Mwenye gari anayeishi pembeni atapoteza siku nzima na mafuta, au hataenda kabisa, na gari lisilokaguliwa ni baya kuliko lililokaguliwa nusu. Isitoshe, gereji ndogo ya karibu yenye fundi mwaminifu ni hazina. Anakijua chuma chako, anakumbuka mwaka jana alikuonya nini. Sitaki anyang'anywe kibali kwa makosa ya wengine. Nataka nimjue ni nani.

Uholanzi ndiyo iliyonipa matumaini. Kule gereji hukagua na kutengeneza, kama hapa. Lakini gari likishapita, gereji hutuma matokeo kwenye mamlaka ya magari ya serikali, na kompyuta huchagua bila upendeleo takriban magari 3 katika kila 100. Gari lililochaguliwa haliondoki. Linabaki pale hadi dakika 90, likimsubiri mkaguzi wa serikali aje alikague upya kwa mikono yake. Akikuta kosa, linaingia kwenye rekodi ya gereji, na makosa yakizidi kibali kinakuwa hatarini. Fikiria kijana yule aliyezunguka gari langu mara moja. Angejua kwamba huenda ndani ya saa moja na nusu mtu wa wizara atafika, atainama na kuangalia tairi lile lile, angekunja usukani.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na kubwa kuliko yote, ni karatasi ya ukaguzi yenye vipimo. Neno "hafifu" lipigwe marufuku. Kama ni tairi, iandikwe kina cha mifereji kwa milimita, kwa kila tairi, ndani, katikati na nje. Uingereza kikomo cha chini ni milimita 1.6, hivyo dereva anayesoma 1.4 anajua amefeli na kwa nini, na anayesoma 2.0 anajua amepita lakini aanze kutafuta pesa ya tairi. Kama ni breki, ziandikwe nguvu zilizosomwa kwenye mashine, kushoto na kulia. Tofauti kubwa ya pande mbili ndiyo inayolivuta gari upande mmoja ukikanyaga ghafla, na macho hayawezi kuiona. Kama ni boljointi, itajwe ni ipi, ya upande gani. Na kosa liwekwe kwenye daraja lake. Tangu Mei 2018 Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya huyagawa makosa kuwa madogo, makubwa na ya hatari. Dogo unapita nalo ukiwa umeonywa. Kubwa linakufelisha. La hatari, gari lisiingie barabarani mpaka litengenezwe. Dereva akiwa na karatasi ya namna hiyo anaweza kwenda kwa fundi yeyote, na fundi anaweza kupima tena. Mkaguzi mwaminifu naye analindwa, maana kipimo chake kinamtetea.

Pili, orodha. Uingereza huchapisha orodha ya vituo vyote vinavyofanya kazi, pamoja na anwani na aina ya magari ambayo kila kimoja kinaruhusiwa kukagua. Mtu yeyote mwenye namba ya gari anaweza pia kuona bure, kwenye simu, matokeo ya ukaguzi wake wa miaka iliyopita, kilichofelisha na maili zilizosomwa. Wizara yako ifanye hivyo, kisha iende hatua moja mbele: kila gereji iwekewe kando ya jina lake idadi ya magari iliyoyakagua, muda wa wastani wa kukagua, na asilimia iliyofelisha. Hapa naomba tahadhari, kwa sababu najua takwimu hizi zinaweza kumwonea mtu. Gereji inayohudumia magari ya zamani itafelisha mengi hata ikiwa na wakaguzi waadilifu kabisa. Uandikwe basi na umri wa wastani wa magari inayoyapokea, tulinganishe kinacholingana. Taarifa hizi si ngumu kuzipata. Uingereza wakaguzi na vituo huonyeshwa takwimu zao wenyewe zikilinganishwa na wastani wa taifa. Sisi wateja tuonyeshwe pia. Gereji inayokagua gari zima kwa dakika 8 na kupitisha karibu kila kitu, nikiiona kwenye orodha sitahitaji ushauri wa jirani.

Tatu ni muda. Nililipa matengenezo nisiyoyaamini kwa sababu siku zilikuwa zimenibana. Ruhusuni mtu akague mapema, mwezi mmoja kabla, bila kupoteza siku zake, yaani cheti kipya kianzie pale cha zamani kinapoishia. Uingereza wanafanya hivyo, mwezi mmoja kasoro siku moja. Hatua hiyo ni ndogo sana kwenye kanuni, lakini kwa mwenye gari ina maana ana wiki nne za kutafuta fundi wa pili.

Na nne, mteja aruhusiwe kusimama mahali salama atazame gari lake likikaguliwa, na asiporidhika awe na pa kukata rufaa kwa mkaguzi wa serikali kabla chochote hakijafunguliwa. Sina la kuongeza hapo.

Najua utaambiwa kwamba wizara haina wakaguzi wa kutosha wa kuzungukia gereji. Ndiyo maana nimetaja hesabu ya Uholanzi ya magari 3 katika 100. Hakuna anayekuomba ukague kila gari mara mbili. Na utaambiwa kwamba wananchi wenyewe ndio wanaotaka muhuri wa haraka. Ni kweli, wapo, nami mwaka juzi nilikuwa mmoja wao. Nilibadilika siku nilipoonyeshwa zile nyaya. Wengi hawajaonyeshwa, na si wote watakaoonyeshwa kwa pancha ndogo kando ya barabara gari likiwa limesimama.

Cheti changu kinaisha tena mwezi ujao. Nimeshaanza kuulizia, na majibu ni yale yale mawili. Lile tairi bado ninalo, limeegemea ukuta nyuma ya nyumba, pamoja na nakala ya cheti kilichotolewa wiki tatu kabla ya kuvuliwa. Nipo tayari kuvileta ofisini kwako siku yoyote utakayopanga, ili wataalamu wako wapitishe kidole wenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye gari, mzazi wa watoto wawili