Mume wangu aliishiwa nguvu miguuni, kwao wanasema nimemlisha karuho, sumu ya siri

Dada mshauri,

Sijalala. Usifikiri nataka kumsema mama mkwe, namheshimu, lakini kuniita muuaji mbele ya parseli nzima, majirani wote wa kiwanja chetu, wanangu wakisikia! Karuho! Hapa Bukavu neno hilo likishatamkwa, nani analifuta?

Baba watoto alitoka harusini Kadutu ameshiba bugali, wali na bia. Alfajiri anataka kwenda msalani, miguu imekataa. Akili timamu, anaongea vizuri, ila mapaja hayainuki. Vijana wakambeba hadi hospitali. Potasiamu, ile chumvi ya damu inayoendesha misuli, ilikuwa 2.1, na dokta anasema ya kawaida huanzia 3.5. Wakamwongezea polepole huku wakiupima moyo, jioni akasimama. Sumu gani hiyo inayotibiwa kwa potasiamu? Na harusi ilikuwa ya kwao, walipika wao! Mimi hata sikwenda, mtoto alikuwa na homa.

Kumbe ni tezi ya shingo, inafanya kazi kupita kiasi. Ndiyo maana alikonda huku anakula, mikono inatetemeka, jasho hata usiku wa baridi. Kule kukonda, mama yake alikuwa anakuhesabu kama ushahidi. Dokta alieleza kwamba potasiamu haikutoka mwilini, iliingia kwenye misuli, na mlo mzito wa wanga unaisukuma humo. Alimwandikia dawa za carbimazole na propranolol, tezi ikitulia hali hiyo haitarudi.

Sasa wifi wanataka kumpeleka kwa mganga wa karuho atapishwe. Atapishwe! Dokta amesema kutapika kunashusha potasiamu ile ile. Mwenyewe hasemi ndiyo, hasemi hapana.

Na siku ile mama yake ananiita muuaji, alikuwa kitandani pale pale. Miguu ndiyo ilikuwa imekufa, si mdomo. Akanyamaza.

Tangu arudi, jioni chakula changu anakigusa tu. Ni kweli dokta alimkataza kushiba usiku. Basi sijui anamtii dokta au anamtii mama yake, na kumuuliza siwezi.

Sitaki kuombwa radhi, dada. Ila mama aje aseme mbele ya majirani wale wale kwamba alikosea. Nimpelekee karatasi za maabara, au nirudi kwetu Bagira kwanza? Nikiondoka watasema nimekimbia. Nijibu haraka, wanakuja kumchukua Jumapili baada ya misa.

Mke wa Bukavu